Ujasiri wa Kutoruka

Mtihani wa vitendo wa leseni ya rubani binafsi ukitajwa, watu wengi huwaza mikono. Huwaza kijana aliyeshika usukani, ndege ikiinuka, ikipinda, kisha ikirudi kugusa ardhi bila kishindo, huku mtahini akiandika alama kwenye kiti cha kulia. Mikono inahitajika, wala sikatai. Lakini ukivisoma viwango vya mtihani huo na kuvitandaza juu ya ramani ya Mara, kuanzia rasi ya Musoma, kupita miinuko ya Butiama, hadi Bunda ambako Serengeti inakaribia kulifikia ziwa, utaona kwamba kinachopimwa kwa uzito zaidi ni uamuzi. Mtahini anataka kujua kama mtu huyu, atakapokuwa peke yake na abiria wanaomwamini, ataweza kugeuza ndege, kupunguza mzigo, au kuahirisha safari wakati kila mtu anataka aendelee. Kwangu hicho ndicho kiini cha mtihani, na kwa sababu hiyo napingana na wote wanaouona kama utaratibu wa karatasi unaopaswa kulegezwa.

Kwanza tuelewe mtihani wenyewe umetoka wapi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo ndicho kinachoweka kiwango cha chini cha leseni duniani kote. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huoanisha kanuni zao kupitia wakala wao wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, Uganda. Kwa kiwango cha ICAO, anayetaka leseni ya rubani binafsi awe ametimiza miaka 17, amepimwa afya, amefaulu mitihani ya nadharia na ameruka si chini ya saa 40, au 35 akiwa amesoma katika mpango wa mafunzo ulioidhinishwa. Saa 10 kati ya hizo lazima awe peke yake ndani ya ndege. Lazima pia awe amefunga safari ya peke yake isiyopungua kilomita 270, akitua na kusimama katika viwanja viwili tofauti njiani. Ukitaka kuona umbali huo kwa macho ya Mara, chora pembetatu kutoka Musoma kwenda Seronera, kisha Mwanza, kisha urudi Musoma: ni karibu kilomita 500. Mtu anayefika mbele ya mtahini, basi, anajua kurusha ndege. Mwalimu wake asingemwachia peke yake kama hajui. Swali lililobaki ni jingine.

Siku ya mtihani huanzia mezani, injini ikiwa bado baridi. Mtahini humtaka mtahiniwa aeleze safari nzima: usajili wa ndege na cheti chake cha kufaa kuruka, daftari la matengenezo, mafuta lita ngapi, uzito umegawanywaje, watabiri wa hali ya hewa wanasema nini, kuna tangazo gani kuhusu kiwanja anachokwenda. Maswali haya huonekana urasimu mtupu mpaka uyapeleke Musoma. Kiwanja cha Musoma kiko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa Ziwa Victoria lenyewe limekaa juu ya mita 1,130. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na joto huizidishia wepesi. Katika hesabu za kawaida za usafiri wa anga, kimo hicho hutazamiwa kuwa na joto la nyuzi 7 au 8 za Selsiasi. Mchana wa Musoma ukifika nyuzi 30, ndege inajikuta imo katika hewa inayolingana na ya kimo cha karibu futi 6,500. Injini hupungukiwa nguvu, pangaboi hukosa hewa ya kutosha ya kuvuta, na mabawa hulazimika kukimbia kasi zaidi juu ya ardhi kabla ya kuubeba mzigo uleule. Cessna 172, ndege ya viti vinne inayotumiwa na vyuo vingi vya urubani, hupanda zaidi ya futi 700 kwa dakika ikiwa usawa wa bahari. Katika hewa ya namna hiyo hupoteza theluthi moja au zaidi ya uwezo huo. Kama njia ya kurukia ni ya changarawe na imelowa mvua, umbali wa kuondoka ardhini huongezeka tena. Musoma imekuwa ikijengewa njia ya lami, na hilo litasaidia magurudumu, ila lami haiongezi hewa.

Sasa mtahini anauliza: una abiria watatu watu wazima, kila mmoja na begi lake, matangi yamejaa, ni saa nane mchana, unaruka? Hesabu inajibu haraka. Cessna 172 ina viti vinne, lakini mara nyingi haiwezi kubeba kihalali watu wazima wanne, mizigo na matangi yaliyojaa kwa wakati mmoja. Inabidi kupunguza mafuta na kutua njiani kuongeza mengine, au kusubiri alfajiri hewa ikiwa nzito, au mtu mmoja abaki. Ugumu uko katika kulisema jibu hilo. Katika jamii zetu, kumwambia mzee aliyekwisha kujiandaa na mzigo wake kwamba, "Shikamoo mzee, leo wewe utabaki," ni jambo linalogusa heshima, na kijana wa miaka 20 atatafuta kila njia ya kulikwepa. Ndiyo maana naona mtihani wa mezani hauna budi kuwa mkali. Unamlazimisha kijana alitamke jibu hilo mbele ya mtu mzima mwenye mamlaka, angalau mara moja, kabla ya kulitamka uwanjani mbele ya jamaa zake.

Uamuzi wa pili ni wa njia, na hapa Mara ni darasa zuri kuliko sehemu nyingi. Kutoka Musoma hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 140, na sehemu kubwa ya mstari huo hupita juu ya maji, ukikata Ghuba ya Speke karibu na Ukerewe. Njia nyingine ni kufuata nchi kavu: Musoma hadi Makutano, Kiabakari, Bunda, kisha kuizunguka ghuba kwa Lamadi na Magu. Inaongeza kilomita zipatazo 60, ambazo kwa ndege ndogo ya mafunzo ni dakika kama 20. Ndege hiyo ikizimika injini mita 1,000 juu ya ardhi, itaelea mbele kwa kilomita kama 9 pasipo upepo. Juu ya barabara ya Bunda, kilomita 9 zina mashamba ya pamba, malisho na barabara yenyewe. Katikati ya ghuba, zina maji peke yake. Kanuni hazikatazi moja kwa moja njia ya maji, na rubani mwenye sababu nzuri, kimo cha kutosha na vifaa vya kuokolea anaweza kuitetea. Mtahini mzuri hamwambii mtahiniwa achague ipi. Anasikiliza kama alijiuliza swali hilo kabla ya kuweka rula juu ya ramani. Aliyechora mstari ulionyooka kwa sababu ni mfupi, bila kufikiria injini, amekwisha kujieleza.

Hewa ya ziwa nayo ina tabia yake. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu mazito ya mvua hujengeka juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, upepo huelekea ziwani, na radi hupiga juu ya maji hadi alfajiri. Mvuvi wa dagaa anayetoka na taa zake usiku anaijua ratiba hii kwa mwili wake, na akiona umeme upande fulani hujua ni wakati wa kurudisha mtumbwi. Rubani anatakiwa awe na ujuzi uleule, pamoja na namba zinazomfunga kisheria: kwa anayeruka kwa kutegemea macho chini ya futi 10,000, kiwango cha ICAO katika anga nyingi ni kuona mbele angalau kilomita 5 na kukaa mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Awe na akiba ya mafuta ya dakika 30 mchana. Na kama hana kibali cha kuruka usiku, akumbuke kwamba Musoma jua huzama karibu saa moja kasorobo jioni na giza huingia ndani ya nusu saa, maana karibu na ikweta hakuna machweo marefu. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria aina ya ATR iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliishia ziwani, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakapoteza maisha. Ile ilikuwa ndege kubwa ya marubani wa kitaaluma, na sitaki kuifanya kipimo cha rubani binafsi. Naitaja kwa sababu hakuna mkazi wa kanda ya ziwa anayehitaji kuelezwa tena kwamba hewa ya ziwa hili si ya kufanyiwa majaribio.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu umo katika kanuni zenyewe za kufaulu na kufeli. Marekani, mtahiniwa anayesitisha mtihani kwa sababu ya hali ya hewa hahesabiwi kuwa ameshindwa. Hupewa barua inayotaja sehemu alizokwisha kufaulu, na ana siku 60 za kumalizia zilizobaki. Ulaya, aliyesitisha kwa sababu ambazo mtahini anaziona za kutosha hurudia tu sehemu ambazo hakuzikamilisha, ilhali aliyesitisha bila sababu ya maana huanza upya. Soma tena hapo: sheria inamwachia mtahiniwa mlango wa kusema "tusiende", kisha inapima ubora wa sababu yake. Mwaka 2016 Marekani ilivibadilisha viwango vyake vya mtihani, na kila zoezi likaandikiwa, sambamba na maarifa na ustadi, namna ya kutambua na kudhibiti hatari zake. Kama mikono ingetosha, mabadiliko hayo yasingekuwa na kazi.

Hata mazoezi ya angani, ambako mikono inatawala, yamejengwa juu ya msingi huohuo. Mtahiniwa hupinda kwa ukali, akiilaza ndege nyuzi 45, na anatakiwa asipande wala kushuka kupita kiasi. Marekani huruhusu futi 100, na Ulaya huweka futi 150 kama mpaka wa jumla wa kimo, huku mtahini akiagizwa azingatie misukosuko ya hewa. Mipaka hiyo inakubali kwamba binadamu atakosea. Kinachotazamwa ni kama aliliona kosa mapema na kulirekebisha bila kusubiri kuambiwa. Kisha huja zoezi la kupunguza mwendo mpaka mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Pua huanza kutikisika, king'ora hulia, na hisia ya asili humwambia mtu avute usukani ili apande, jambo ambalo lingemuua. Jibu sahihi ni kuishusha pua kwanza, kuipa ndege mwendo, halafu ndipo kupanda. Baadaye mtahini huvuta nguvu ya injini hadi mwisho na kusema, "Injini imezimika." Hapo mtahiniwa huchagua kasi ya kuelea, husoma upepo kwa moshi wa majiko au mawimbi ya ziwa, na huchagua mahali pa kushukia. Upande wa Majita na Musoma, miamba ya mawe imesimama mashambani; upande wa Bunda kuna tambarare lakini kuna ng'ombe. Uwanja mbaya uliochaguliwa mapema na kushikiliwa mara nyingi humwokoa mtu kuliko uwanja mzuri unaobadilishwa mara tatu huku ndege ikishuka.

Wapo wanaosema mtihani huu umepitwa na wakati, maana vifaa vya setilaiti humwonyesha rubani alipo kwa kukosea mita chache tu, kwa hiyo zoezi la kusafiri kwa ramani, dira na saa ni mzigo wa kale. Nakubali kwamba vifaa hivyo vimeokoa wengi, na rubani anayevikataa kwa kiburi ni mjinga. Hata hivyo fikiria zoezi la kubadilisha njia. Uko kati ya Butiama na Bunda, ziwa liko kulia, na mtahini anasema Bunda imefunikwa na mvua, nipeleke kwingine. Kifaa kitakupa mwelekeo wa kiwanja chochote kwa kubonyeza mara mbili, lakini hakitakuambia kwamba kimo cha vilima vilivyo mbele na mafuta yaliyobaki vinaifanya Musoma, uliyoiacha nyuma dakika chache zilizopita, kuwa jibu bora. Kurudi ulikotoka ndiko kunakowashinda watu zaidi, hata waliobobea.

Pingamizi la pili ni la haki: je, siku moja inatosha kumpima mtu, na hofu yake yote? Hofu ipo, na watahini wazuri huijua, lakini injini inapozimika kweli hofu ndiyo ya kwanza kupanda ndegeni, kwa hiyo mtihani usio na hofu yoyote ungekuwa umepima mtu mwingine. Aliyeshindwa sehemu moja, kwa utaratibu wa Ulaya, hurudia sehemu hiyo, na akishindwa zaidi ya moja hurudia mtihani wote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuhusu upendeleo, wasiwasi wa watu una msingi, kwa sababu ulimwengu wa ndege ndogo ni mdogo na wote hujuana. Dawa yake ni kumtenga mtahini na mwalimu, kama Ulaya ambako aliyempa mwanafunzi sehemu kubwa ya mafunzo hawezi kumtahini, na mamlaka kuwakagua watahini wenyewe. Kulegeza kipimo hakumwondoi mpendeleaji; kunamrahisishia kazi.

Lililo zito zaidi kwa msomaji wa Bunda au Butiama ni hili: leseni hii ni ya matajiri, sasa sisi inatuhusu nini? Saa 40 za ndege ni ghali kweli, na mwenye leseni binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kubeba watu. Lakini leseni hii ndiyo ngazi ya kwanza. Aliyeipata anaweza kuendelea kukusanya saa, 200 kwa kiwango cha kawaida cha ICAO, na kuwania leseni ya biashara, na hao ndio wanaorusha ndege za doria za hifadhi na ndege zinazobeba wagonjwa. Mkoa ambao sehemu kubwa ya Serengeti imo ndani yake, wenye viwanja vidogo kama Seronera na Kirawira ambako ndege za watalii hushuka kila siku, unapaswa kuwa na watoto wake katika viti vya mbele. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeanza kujenga uwezo wa kufundisha marubani nchini, na kwa vizazi vilivyotangulia ilikuwa Nairobi kwenye kiwanja cha Wilson, au Soroti nchini Uganda, chuo kilichoanzishwa mwaka 1971. Gharama ni hoja nzito ya kudai ufadhili na vyuo vya karibu. Haiwezi kuwa hoja ya kumpa mtu leseni asiyostahili. Na kuhusu lugha, kiwango cha nne cha Kiingereza kwenye redio kina sababu, kwa kuwa juu ya Serengeti rubani wa Ujerumani na wa Kenya wanagawana anga moja na lazima waelewane. Ila sioni kwa nini vitabu vya kufundishia uzito, hewa na mawingu visiwepo kwa Kiswahili. Dhana hizi zinaelezeka, na anayezielewa kwa lugha yake atazijibu vizuri kwa yoyote.

Kuna pingamizi la mwisho ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alijifunza urubani pamoja na baba yake Bernhard ili wahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, na mwaka 1958 wakahesabu zaidi ya 360,000 kwa ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia. Januari 10, 1959 akiwa peke yake ndegeni aligongana na tai, ndege ikaanguka, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Alikuwa na leseni. Alikuwa na uzoefu kuliko karibu kila mtahiniwa wa leo. Mtihani ulimsaidia nini? Jibu la kweli ni kwamba hakuna mtihani unaomzuia tai. Mtihani unaweza tu kuziondoa njiani hatari zinazotabirika, yaani mzigo uliozidi, mafuta yaliyopungua, wingu lililoonekana likaingiwa, giza lililojulikana saa yake, ili rubani abaki na nafasi ya kukabiliana na zisizotabirika. Na hata tai wana ratiba: husubiri ardhi ipate joto ili wabebwe na hewa inayopanda, kwa hiyo asubuhi mapema huwa wachache angani. Rubani anayejua hilo hupanga kazi ya chini chini mapema, kisha hupanda juu jua likishawaka.

Maarifa ya aina hiyo hayamo katika fomu ya mtihani uliofanyiwa Nairobi au Dar es Salaam, na hapo ndipo ningependa utaratibu wetu uongezewe kitu. Anayefaulu kwingine na kuja kuruka kanda ya ziwa aruke kwanza na mwalimu anayeijua Mara: mara moja mchana wa joto kutoka Musoma akiwa na uzito kamili, mara moja kuizunguka Ghuba ya Speke, na mara moja asubuhi kuelekea Serengeti magharibi, upande wa Ndabaka. Ni saa chache za ndege. Zisainiwe kwenye daftari lake la safari kabla hajampakia abiria wa kwanza.